Nilivyomfungia Baba Mkwe Wodini

Kwa watu wa mume wangu, kule Ikinga, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Mimi ni Mnyamwanga wa kule kijijini Mpemba, nauza mchele sokoni Tunduma, nimezoea kumkazia mtu macho tunapopatana bei. Lakini tangu niolewe, mzee akija kwetu mimi naingia jikoni, na nikienda kwake yeye anazunguka nyuma ya nyumba. Heshima gani hii ya kukimbiana, sijui, ila niliifuata.

Basi mzee akajikata jembe kwenye muundi. Hospitali hakwenda. Alinunua kapsuli za rangi mbili, nyingine akameza, nyingine akazifungua na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda kama anatia chumvi kwenye nyama. Maumivu yakipoa anaacha, yakirudi ananunua tena. Siku alipoletwa hospitali ya Vwawa, mguu ulikuwa unanuka mpaka dereva wa teksi aliendesha kichwa kikiwa nje.

Daktari alichukua usaha, ukaenda kuoteshwa maabara ili wajue ni dawa gani itawaua wadudu wale. Majibu yalipotoka aliniita pembeni. Wadudu walikuwa sugu, dawa zote za kawaida zimegonga mwamba, imebaki moja tu ya kuchoma kwenye mshipa, asubuhi na jioni.

"Akiiacha katikati, wadudu watakaobaki wataizoea na hii," alisema. "Hapo sina dawa tena, mama. Nina msumeno."

Mume wangu alikuwa na lori Kongo. Wa kumuuguza nikabaki mimi.

Nikiingia na uji, mzee anajifunika shuka gubigubi, nami nageukia ukuta. Siku ya kwanza nesi alitukuta hivyo, akanishika bega: "Pole, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Shuka likakohoa. Nesi alirudi kinyumenyume hadi kwenye toroli la dawa.

Maongezi yetu yalipitia kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, dalali wa mahindi aliyevunjika paja, mguu umening'inizwa, hana pa kukimbilia.

"Mwambie baba uji ni wa moto."

"Mzee, uji wa moto. Na mkamwana wako anasema unazidi kupendeza."

Sikusema hivyo. Lakini dalali ni dalali, lazima aweke cha juu.

Dawa ikafanya kazi. Harufu ikaisha, kidonda kikaanza kuota nyama nyekundu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Asubuhi moja sauti ikatoka ndani ya shuka, ikimwambia dalali: "Mwambie aniletee suruali. Nimepona, na mvua zimeanza, shamba halingoji. Dawa iliyobaki wakuchome wewe."

"Mwambie baba dawa haigawiwi kama kisamvu. Akiondoka leo atarudi kukatwa mguu."

"Mama," dalali alisema, "sikio la kufa halisikii dawa."

Nikasikia kitanda kikilia. Mzee alikuwa ameshuka, kajitanda shuka kichwani, anachechemea kuelekea mlangoni. Hasira zilinipanda, na machozi yalinitoka, sifichi, maana nilishauona ule msumeno. Nikamtangulia. Nikasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

Akageukia ukuta upesi, akangoja nimpishe. Sikumpisha. Kupenya kwa kugusana bega na mkamwana? Bora afe. Alisimama pale mpaka mguu ukamchosha, akarudi kitandani.

Tangu hapo kazi yangu ikawa mlango. Mchele akauza mdogo wangu. Muda wa kuona wagonjwa ukiisha nilihamia benchi la nje, palepale pa kupitia. Mzee alichomwa sindano zake asubuhi na jioni, akinung'unika kwa Kindali, lugha ya kwao Ikinga, maneno ambayo dalali alikataa kunitafsiria.

Sindano zilipokwisha, daktari alifungua bandeji, akaukagua mguu, akasema ni wa mwenyewe, aende nao nyumbani. Mzee akavaa suruali. Nikaachia mlango, nikageukia ukuta kama desturi inavyotaka. Hatua zake zilikuja taratibu, zikafika nyuma yangu, zikasimama.

"Mwanangu," alisema. Sauti ile haikuwahi kunisemesha mimi. "Geuka unishike mkono. Ngazi hizi zitanishinda."

Nikageuka. Miaka yote ile sikujua kwamba mume wangu amerithi macho yake. Nikamshika.