Yai la Mdogo Wangu

Niliondoka Kasokola kwenda hospitali Dodoma kwa sababu nilikuwa nimezika watoto wawili na bado nilimtaka wa tatu. Wote walianza kulegea misuli, wakashikwa na degedege, wakafariki kabla ya kuanza shule. Kwetu, mwanamke akikosa mtoto, mdogo wake humzalia mmoja wa kulea. Ndiyo maana Anastazia, anayenifuata kwa kuzaliwa, alifunga begi bila kubembelezwa.

"Dada, wakitaka yai watachukua langu. Si damu moja?"

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Mpanda. Inyonga tulikunywa chai. Kufika Sikonge, Anastazia alikuwa ameshamchagulia mtoto majina matatu, yote mabaya, nami nikamwambia hivyo. Jioni tulishuka Dodoma miguu imevimba.

Kesho yake hospitalini, daktari, mwanamke mpole, alitusomea majibu ya vipimo nilivyofanyiwa nilipokuja mara ya kwanza. Alisema ndani ya mwili kuna vitu vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyotupa nguvu. Vyangu vina hitilafu, na mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Miaka yote hiyo nililaumu ukoo wa mume wangu! Niliona aibu kubwa.

Akataja njia zilizopo. Yai la mwanamke mwingine lirutubishwe na mbegu za mume wangu, kisha nipandikizwe mimba. Nchi chache za nje huhamisha kiini cha yai la mama kwenye yai lenye afya. Au niasili mtoto kisheria.

"Yai langu lipo," Anastazia akadakia.

"Nyie ni wa mama mmoja?" daktari akauliza.

"Mama mmoja, baba mmoja."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Basi la kwako halifai, mdogo wangu; mmerithi kwa mama yuleyule. Na wewe inabidi tukupime."

Anastazia anaolewa mwezi ujao.

Tulipofika Tabora wakati wa kurudi, Anastazia alinigeukia. "Ungekuja peke yako, nisingejua," akasema. Nikamuuliza kama ananishukuru au ananilaumu. "Yote mawili, dada."

Mpanda tulifika na somo moja: ndugu wa damu, tuliyezoea kumkimbilia, safari hii ndiye asiyefaa kabisa.

Nyumbani mama alitupokea na uji. "Wamelichukua yai?"

Nikamweleza yote. Alikaa chini.

"Na Roza je?" akauliza.

Roza ni kitinda mimba wetu. Ana mimba ya miezi saba.