Mlango Aliodai Mtani

Mwaka ule maduka ya Kilosa yalikuwa yamejaa. Sabuni, mitumba, redio, vyote tulivyovikosa zamani vilining'inia barazani. Ila vibarua waliokuwa wakijaza udongo kwenye tuta la mto kabla ya masika walikuwa wameachishwa kazi, na hawakuletwa wengine. Sisi tulikaa nyuma ya tuta hilo.

Lilibomoka asubuhi, mimi na mume wangu tuko shambani na watoto. Mama mkwe miguu ilikuwa imemlemea, tulimwacha ndani. Mlango wetu wa mninga ulifungukia nje, maji yakaukandamiza. Mume wangu alibomoa ukuta kwa jembe. Alimtoa mama yake ameshakufa. Waliokufa mtaani kwetu siku ile nawajua kwa majina, mmoja mmoja, mpaka yule mtoto aliyekuwa hajabatizwa.

Tukaenda kuzika mlimani, maana bondeni kila shimo lilijaa maji. Jeneza limefika kaburini, mtani wetu, mzee wa Kinyamwezi aliyestaafu reli, akaruka ndani akalala chali.

"Hazikwi mtu hapa!"

Watu wakacheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani.

"Toka, mtani," mume wangu akamwambia. "Jogoo wako yupo."

"Nyie Wasagara! Mmemfuga bibi kama kambale, sasa mnanihonga jogoo aliyelowa? Nataka ule mlango uliomfungia. Nausimamisha huku juu. Ukiuhitaji, njoo uujengee nyumba."

Kicheko kikakatika. Mume wangu alitazama chini, kisha akasema, "Chukua."

Mtani akatoka, tukazika. Kesho yake aliupandisha mlango kichwani, akauegemeza kwenye jiwe karibu na kaburi.

Alichodai mtani hakirudishwi kwa ugomvi. Lakini mume wangu alikandika upya ule ukuta, akatundika gunia pale mlangoni.

"Twende juu, baba watoto."

"Tukale mawe? Mahindi yako hapa. Tuta watalitengeneza."

Nilingoja. Hakuja mtu na koleo. Mawingu ya vuli yalipoanza kukusanyika nilichukua wanangu, nikapanda. Wanawake wa kanisani walinisaidia kukandika chumba kimoja, tukaupachika ule mlango. Mume wangu alikuwa akija kula, anagonga, "Hodi kwa mtani!" Watoto wanacheka. Akimaliza anashuka kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori.

Masika mto ukapita pale pale. Kutoka mlangoni nililiona bonde lote jeupe kwa maji, na paa letu halipo.

Mume wangu alipatikana amenasa kwenye daraja la reli. Tulimzika ubavuni mwa mama yake.

Mtani alikuja, akakaa mbali na kaburi, kofia mkononi. Watu wakamngoja. Jeneza likashushwa, hakuruka.

Nikamfuata. "Mtani, dai basi. Dai chochote."

Akatikisa kichwa. "Nilidai mlango, yeye sikumdai."