Miwani ya Kiboriloni na Kisu cha Krismasi

Mitumba iliporuhusiwa kuingia nchini, baba yangu alinufaika kuliko wote: alijinunulia macho sokoni Kiboriloni. Aliichimbua miwani kwenye lundo la sidiria na viatu vya mguu mmoja, akarudi nayo kijijini kwetu Uru ikiwa imefungwa kwa kamba.

"Sasa naona mpaka Mombasa," akasema, akagonga mlango kwa paji la uso.

Mama alikuwa amemsihi aende hospitali tangu kahawa ilipochanua, maana alikuwa anajigonga kila upande na kuitikia marahaba migomba ambayo haikumsalimu. Mimi, msomi wa ukoo kwa cheti cha masomo ya jioni, nilimhutubia kuhusu mboni mpaka akasinzia. Hofu yake ilikuwa moja: ikijulikana haoni, atanyang'anywa kisu. Kwetu mbuzi wa Krismasi hugawanywa na mtoto wa kiume wa kwanza, kila kipande kina mwenyewe, na kukosea ni tusi kubwa kuliko kuhamisha mpaka wa shamba.

Krismasi ikafika, ukoo ukapanda kutoka mijini, baba mdogo wa Dar akitanguliwa na kitambi chake. Baba akavaa miwani, akashika kisu kama askofu. Kidari, ambacho ni cha bibi, mama yake mzazi, akamkabidhi jirani aliyekuja kuazima sufuria. Bibi akapewa shingo.

Hata mbege, pombe yetu ya ndizi, iliacha kutoa povu.

"Mwanangu," bibi akasema, "leo mimi ndiye nimekuja kuazima sufuria?"

Jirani, mtu mwenye adabu zake, alikuwa ameshameza nusu.

"Kaka, lete kisu upumzike," akasema baba mdogo.

"Nitapumzika kaburini!"

"Utapumzika hospitali," bibi akakata maneno. "Usipokwenda, nampa huyu wa Dar, anayekata nyama kama mkate."

Sikukuu zilipoisha baba alishuka mjini. Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha, halirudi hata kwa miwani ya bei mbaya. La kushoto litabaki akitia dawa ya matone kila siku, maisha yake yote. Akaagiza ndugu zake nao wapimwe, kwani ugonjwa huo hutembea kwenye ukoo. Baba mdogo aliingia kupimwa akicheka, akatoka ameshika chupa yake ya matone.

Mama aliiweka dawa ya baba pembeni ya chumvi: bila tone, hakuna ugali. Mwaka mzima baba alifanya mazoezi; hakuna mbuzi aliyechinjwa Uru bila yeye kwenda kumpapasa viungo, wafiwa na maharusi wakimvumilia.

Krismasi iliyofuata bibi aliweka kisu mbele ya baba. Akavua miwani, akawapa wajukuu wachezee, akaanza kutafuta maungio kwa vidole. Kidari kikafika kwa bibi. Akakinusa, akakigeuza, akala.

Baba mdogo akapewa shingo.

"Kaka, hapa umekosea."

"Hapo," baba akasema, "nimeona vizuri kabisa."