Jina Haliombwi

Mtoto wa tatu wa kaka yangu alizaliwa Jumatatu, msichana kama wenzake wawili. Kwetu Embu msichana wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake, wa pili la mama wa mama yake, na wa tatu, mara nyingi, la shangazi. Shangazi ni mimi: mwalimu, miaka hamsini na miwili, sina mume wala mtoto. Huyu asipolichukua jina langu, nitazikwa nalo.

Lakini jina haliombwi. Kwa hiyo sikwenda hospitali, nisije nikaonekana nimelifuata. Nilikaa kwangu Runyenjes nikichungulia simu kila dakika, hata kufika Jumamosi nikajichukia, nikateremka zangu Mbeere, kwenye kimji kilicho kando ya ziwa la bwawa, kustarehe kwa lazima.

Joto la huko halina adabu. Nilipanda boti pamoja na wachumba wawili waliopigana picha safari nzima, kisha wakanipa simu yao niwapige mimi. Viboko walitoa masikio tu, wakatupuuza. Sikuwa na wa kumwambia "tazama," nikajiambia mwenyewe kimoyomoyo, na haikutosha.

Baadaye niliingia kijumba cha nyasi walikohifadhi vitu vya kale: mizinga ya magogo, mafiga matatu, kigoda kilicholika upande mmoja. Mama anayekitunza alinionyesha kimoja kimoja bila haraka, maana mgeni nilikuwa peke yangu, nami nikamtajia kazi yangu. Alipomaliza akaniuliza:

"Mwalimu, wewe ulibeba jina ya nani?"

"Ya shangazi yangu."

"Na yako imebebwa na nani?"

Ningeweza kunyamaza. "Ako mmoja," nikasema. "Ako na siku tano."

Alipiga makofi, akacheka, akanishika mkono kama ndugu niliyezaliwa naye. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na furaha pia, siwezi kukana.

Nilienda hotelini nikaagiza samaki mzima. Sisi watu wa mlimani samaki tumemjulia ukubwani. Nilimla kwa woga, mwiba baada ya mwiba, na hakukuwa na mtu mbele yangu wa kunicheka. Hapo ndipo kaka yangu alipopiga simu.

"Tumempea jina," akasema. "Ya dada ya mama yake. Huyo dada ndiye alikuwa anashinda na mama mtoto hospitali. Wewe hata hukukuja, tukaona pengine mambo ya majina hujali."

"Ni jina zuri," nikasema.

"Hujakasirika?"

"Nikasirike kwa nini?"

Nilikasirika, tena sana. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mkewe, nikamkasirikia huyo dada mwenye nafasi ya kushinda hospitali. Walipokwisha wote nikabaki mimi, niliyefanya kiburi nikakiita heshima. Samaki sikummaliza.

Nilikuwa naelekea stendi niliposikia naitwa. Alikuwa yule mama wa kijumba, anakuja mbio, jasho linamtiririka, ameshika kiondo, kikapu kidogo cha mkonge, cha kutosha mkono wa mtoto.

"Pelekea wajina wako," akasema akihema. "Akikua, umwambie hii ilitoka huku kwa ziwa."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa niaba ya mtoto.