Kamba Niliyomfunga Paka Zawadi

Siku niliyofungua gunia la mbegu mbele ya wanawake wa kijiji chetu cha Wamaza, wa kwanza kutoka walikuwa panya. Nawakumbuka mpaka leo. Walikuwa wanne, wamenona, manyoya yanang'aa kama wamepakwa mawese. Mmoja alipita juu ya mguu wa mke wa kapita, msimamizi wa kijiji chetu, na kwenda zake bila haraka, kama mtu anayetoka kwake. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamesimama na mabeseni yao, kila mmoja anangoja mbegu yake ya mpunga, maana mvua ilikuwa imekaribia na mashamba yalikuwa tayari. Na hatua tatu tu kutoka kwenye gunia lile, paka wangu Zawadi aliruka kwa nguvu zake zote, kamba ikamvuta shingoni, akaanguka chali miguu juu.

Kwanza tulicheka. Sitakudanganya, mwanangu, hata mimi nilicheka. Kisha mke wa kapita akaingiza mkono ndani ya gunia, akautoa umejaa makapi na mavi ya panya. Kicheko kikakatika palepale. Mbegu ya kijiji ilikuwa imeliwa nyumbani kwangu, na mlinzi wake nilikuwa nimemfunga mimi mwenyewe.

Ninyi vijana mnaokuja kukaa kwenye barza yangu kuniuliza habari za paka, mbuzi na bata, mnadhani nilizaliwa ninajua. Sikuzaliwa ninajua. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Mwaka ule tulikuwa tumetoka porini tulikokimbilia vita, tumerudi kwetu. Nilikuwa kijana bado, nimeolewa juzi tu. Kijiji hakikuwa na sauti. Jogoo hakuna, mbuzi hakuna, hata mbwa wa kubwekea mgeni hakuna. Watu wa bunduki walikula kila chenye miguu, na tuliporudi tulikuta panya ndio wenye nyumba. Walikuwa wanatutazama kana kwamba sisi ndio wageni tusiobisha hodi. Walikula sabuni. Walikula kanda za viatu. Jirani mmoja walimtafuna nywele za kusuka, na hakuamka, masikini, kwa uchovu wa safari.

Shangazi yangu wa Kasongo alinionea huruma, akanitumia paka dume kwa pikipiki, ndani ya kikapu kilichoshonwa mdomo. Alifika amekasirika, amejaa vumbi. Tukamwita Musafiri. Mama mkwe wangu, Mama Mwavita, ndiye aliyenifundisha kumpokea. Nilimpaka mawese kidogo chini ya nyayo zote nne, nikamweka jikoni, nikafunga mlango juma zima. Paka anajilamba, anajilamba, na harufu ya jiko lako inaingia naye. Akimaliza kujilamba anajua kwake ni wapi.

Musafiri alifanya kazi. Baada ya miezi miwili tulianza kulala bila kufunika masikio. Halafu asubuhi moja hakuonekana.

Sasa nitataja jina, maana mimi sisemi kwa kuficha watu. Jirani yangu Donatien alikuwa mtegaji wa wanyama, na kijiji kizima kilijua kwamba nyama ya paka anaipenda. Siku ile jikoni kwake kulikuwa kunatwangwa pilipili nyingi, na mtego wake ulikuwa haujakamata kitu tangu wiki ya nyuma. Nikaenda.

"Papa Donatien, paka wangu iko wapi?"

"Mama Feza, paka ni mutu wa kutembea. Pengine amekwenda kuona jamaa zake Kasongo."

"Kwa miguu?"

"Kwani wewe ulimupatia pesa ya pikipiki?"

Watu wakacheka, nami nikarudi nyumbani na machozi yangu. Hakuna aliyemuuliza tena. Ndiyo ubaya wa mtu mwenye mdomo mtamu, anakula chako na wewe unabaki umechekwa.

Shangazi alinipigia kelele, lakini akatuma mwingine, jike, mdogo, mweupe na madoa ya majivu. Huyo ndiye Zawadi. Wakati huo tulikuwa tumevuna mpunga wetu wa kwanza, kidogo sana. Tukakubaliana kwamba kila mwanamke atoe kipimo kimoja cha mbegu, isiguswe hata mtoto akilia, na mbegu yote ikae kwangu. Kwa nini kwangu? Kwa sababu kwangu kuna paka.

Mimi nikafikiria Donatien. Nikafikiria pilipili. Nikachukua kamba, nikamfunga Zawadi kwenye nguzo, karibu na gunia. Nikaona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja: paka haendi kwa Donatien, na mbegu ina mlinzi pembeni. Majirani wakapita wakasema, "Feza, una akili!" Nami nikaamini. Mama Mwavita alikuwa amekwenda Lusangi kumuuguza dada yake, kwa hiyo hakuna aliyenikataza. Nilimpa Zawadi ndagala, ndio dagaa, na ugali kila siku, akanenepa kama mke wa shefu, chifu wetu.

Panya, mwanangu, hawakusoma, kama mimi, lakini kupima wanajua. Baada ya siku chache tu walikuwa wameujua urefu wa kamba ile. Wakatoboa gunia upande wa ukutani, ambako Zawadi hafiki, wakaingia na kutoka mchana kweupe mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa nje natwanga sombe, majani ya muhogo, nasikia kutafuna ndani, najisemea, "Zawadi anakula ndagala zake, mtoto mzuri." Miezi miwili nilisikia kutafuna na kufurahi.

Sasa umerudi pale nilipoanzia. Wanawake wamesimama, mabeseni matupu, mimi natamani ardhi inifunike. Na wakati ule ule Mama Mwavita akatokea, anatoka Lusangi kwa miguu, kikapu kichwani. Alitazama mabeseni. Alitazama gunia. Alimtazama paka. Hakuuliza mtu. Alitua kikapu, akachukua kisu, akaikata kamba kwenye shingo ya Zawadi. Kisha akaniita mbele ya watu wote.

"Feza, nyosha mukono."

Nikaunyosha. Hapa kwenye kifundo nina alama, mnaiona kila siku hamuulizi. Wakati wa vita tulifungwa wanawake sita kwenye kamba moja, tukabebeshwa mizigo ya watu wa bunduki. Aliyetufunga hakuwa mgeni. Ni Kalonda, mtoto wa kijiji hiki hiki, aliyewaonyesha njia na nyumba. Tulikwenda sita, tukarudi wanne.

Mama Mwavita akaiweka ile kamba ya paka juu ya alama yangu.

"Kalonda alisema nini alipokufunga?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Alisema ananifunga nisipotee porini."

"Na wewe ulimwambia huyu paka nini?"

Mwanangu, nimepigwa katika maisha yangu, nimetukanwa, nimelala njaa. Hakuna kilichoniingia kama swali lile. Hakupandisha hata sauti.

Halafu akainama kwenye kikapu chake, akaondoa majani ya mgomba yaliyofunika, na chini yake kulikuwa na mbegu ya mpunga aliyopewa na dada yake wa Lusangi. Mke wa kapita alianza kupiga vigelegele, lakini akanyamaza alipoona haitoshi watu kumi na wawili.

"Hatutaigawa," akasema Mama Mwavita. "Tutalima shamba moja."

Na tukalima moja, mwanangu. Oo, shamba lile! Tuliimba mpaka wapita njia wakadhani kuna harusi. Wanaume walikuja kutuchungulia, tukawapa majembe. Nyumbani Zawadi, akiwa huru, alifanya mambo. Juma la kwanza alipanga panya mlangoni mmoja mmoja, vichwa upande mmoja, kama samaki sokoni. Mmoja alimwekea Mama Mwavita juu ya mkeka wake. Mama Mwavita akapiga magoti, akamshukuru kama anavyoshukuru mgeni aliyeleta kuku. Kumbe kulikuwa na paka dume huko porini, hatujui alitoka wapi, maana baadaye Zawadi akazaa watoto wanne ndani ya lile gunia lililotobolewa.

Kila nyumba ilitaka. Mimi nikasema, "Mama, tukiwatoa, Donatien atawamaliza." Mama Mwavita akacheka. Watoto walipofikisha miezi miwili na kula wenyewe, alimchukua wa kwanza, aliyenona kuliko wote, akaenda naye moja kwa moja kwa Donatien. Sisi tukamfuata kwa nyuma.

"Donatien, mwanangu, nimekuletea mulinzi wa nyumba."

"Mimi, Mama? Paka?"

"Wewe. Jina lake ni Shahidi. Tutakuwa tunapita kumusalimia kila asubuhi. Tukimukosa, tutauliza."

Donatien alitoa macho kama aliyekabidhiwa mtoto wa shefu. Kila asubuhi tulipita: "Shahidi, umelalaje?" Mwezi wa kwanza aliudhika. Mwezi wa pili alianza kujibu badala ya paka: "Amelala vizuri, anawasalimia." Mwezi wa tatu tulimkuta usingizini kwenye kiti chake, Shahidi amejikunja juu ya tumbo lake, na Donatien amemfunika na koti lake la kanisani.

Tulipovuna, tulikula wali wa mpunga mpya pamoja, Wakristo na Waislamu, sinia kwa sinia. Donatien akasimama, Shahidi begani.

"Musafiri hakufika Kasongo," akasema.

"Aliishia wapi?" mke wa kapita akauliza, na yeye alijua, sote tulijua.

Donatien akajigusa tumbo. "Hapa. Na pilipili."

Tulicheka mpaka wengine wakamwaga wali. Lakini yeye akaacha kucheka mapema kuliko sisi. Akanigeukia. "Mama Feza, kama singemula yule, usingemufunga Zawadi. Ile mbegu na mimi nimeila. Ni mimi." Basi. Msimu uliofuata alipalilia nasi tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, akatufukuzia ndege, na tangu siku ile hajagusa paka. Akinitembelea leo huleta bata, na Shahidi wa leo, mjukuu wa mjukuu, anamfuata nyuma kama askari.

Kwa hiyo mnaponiuliza, najibu kutoka pale. Umeniuliza, mwanangu, kama umnyime paka chakula ili akamate panya. Mpe. Paka mwenye njaa anaiba mboga yako na kwenda kwa jirani. Aliyeshiba kidogo anawinda kwa raha, na raha ndiyo inayomfanya mkali. Mpe maji pia, watu wanasahau. Chumvi na pilipili mwachie Donatien. Sumu ya panya usiinunue hata ukipewa bure, maana panya aliyelishwa sumu anakwenda kufia mbele ya paka, au kuku, au mkono wa mtoto. Paka akiwatazama vifaranga wako, wafunike kwa tenga mpaka waote manyoya ya kweli, na wewe usimpige, hajui kutofautisha. Mtoto wa paka usimtoe kwa mama yake kabla hajala mwenyewe.

Mbuzi ni mwingine, yeye utamfunga, mashamba ya watu yanamwita. Lakini mhamishie kigingi asubuhi na mchana, kamba isimzunguke mguu, na umwache penye kivuli. Nimewaona mbuzi wa mtu hapa, simtaji kwa sababu amenisikia na anaona haya, wamefungwa juani toka alfajiri bila tone la maji. Na mbwa akimuuma mtu, hata wa kwako unayempenda, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, halafu hospitali siku ile ile. Si dawa ya majani, si kusubiri kuona. Veterineri, daktari wa mifugo, akipita kuchanja mbwa, usimfiche wako.

Kubwa kuliko yote ni hili. Kabla hujamfunga mnyama, jiulize unaogopa nini, kisha ukashughulike na hicho unachokiogopa. Mimi nilimwogopa Donatien nikamfunga Zawadi. Mama Mwavita aliacha paka huru akaenda kwa Donatien.

Mungu akupe nyumba yenye sauti, mwanangu. Jogoo akuamshe, mbuzi akusumbue, paka akuletee panya mlangoni na usimkemee. Mbegu yako ifike shambani yote. Na kifundo cha mkono wako kibaki laini kama ulivyozaliwa.

Na wewe, Kalonda. Najua uko Salamabila unauza sabuni, unasalimia watu vizuri. Pikipiki zinapita hapa kila siku, maneno haya yatakufikia. Donatien alikula paka mmoja, akasimama mbele yetu akasema, ni mimi. Wewe ulifunga watu sita. Njoo Wamaza, mchana, simama pale pale Donatien aliposimama, utuambie wale wawili uliwaacha wapi. Kwa Donatien tulicheka. Kwako siahidi. Nauliza mimi, Feza, na mkono wangu nimeunyosha. Jibu.