Ghorofa la Sekela Pale Ipagala

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa meza iliyotazamana na ya Sekela. Tuliajiriwa pamoja, mafundi sanifu wawili wa kike katika ofisi ya majengo hapa Dodoma. Asubuhi ile ile Msanifu Mkuu alisimama nyuma yangu, akatazama mchoro wangu, akasema, "Mkono wako ni safi, Yunis." Kisha akaenda kwa Sekela, akavuta kiti, akaketi. Kwangu hakuketi.

Nyinyi mnaochora kwa kompyuta hamkuijua shida ya kukwangua wino kwa wembe kila ulipokosea mstari. Ilikuwa miaka ya soko huria. Viyoyozi vilianza kuingia kutoka Dubai, na kila mkubwa alitaka jengo la vioo. Tukaagizwa kuchora ghorofa la kujengwa pale Ipagala, la watumishi waliokuwa wakihamia Dodoma, kila mmoja alete pendekezo lake.

Mimi nilichora ujia katikati na nyumba pande zote mbili, ili kuokoa kiwanja. Sekela alichora jengo jembamba. Pande zake ndefu zilitazama kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni likaishia kwenye kuta zisizo na madirisha. Kila nyumba ilikuwa na madirisha mbele na nyuma, upepo uingie huku utokee kule, na baraza pana la kuyatia kivuli.

"Yako inatumia kiwanja vizuri, Yunis," Msanifu Mkuu alisema. "Ya Sekela inapumua. Tutajenga hiyo. Wewe utamchorea madirisha."

Nilimchorea. Sijawahi kuchora vizuri vile, maana sikutaka aone hata mstari mmoja uliopinda akajua moyo wangu ulivyo.

Wapangaji walipokwisha kuhamia, tuliletewa Mkurugenzi mpya. Mwezi wa kumi, joto lilipopamba moto, akataka kila chumba kiwekwe kiyoyozi. Msanifu Mkuu akamwomba tupime kwanza, akanituma mimi, kwa kuwa Sekela asingeweza kujipimia kazi yake.

Nilipanda hadi ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, saa za jua kali, nikiomba nikute tanuri. Nilipopiga hodi, mke wa karani mmoja akanikaribisha. Alikuwa anakunywa chai ya moto.

"Joto vipi huku juu, mama?"

"Tunafungua huku na huku, upepo unapita," alisema. "Feni tunayo, ila tunaiwasha siku mojamoja. Umeme wenyewe ghali."

Kipimajoto changu kikamuunga mkono. Nikashuka nyumba baada ya nyumba nikitafuta walau chumba kimoja cha kumwangusha Sekela. Nikakipata. Mpangaji mmoja alikuwa ameziba baraza lake kwa vioo apate chumba cha ziada, na mle ndani hata kupumua kulikuwa kazi. Nilisimama pale jasho likinitiririka, nikifurahi.

Kikaoni Mkurugenzi aliuliza, "Kuna joto au hakuna?"

Nilimtazama Sekela. Hakuwa na wasiwasi wowote. Aliniamini, na hilo liliniuma kuliko sifa zote alizowahi kupewa.

"Hakuna, mheshimiwa," nilisema. "Chumba kimoja tu, na mpangaji ndiye aliyeziba baraza."

Viyoyozi havikununuliwa. Mlangoni Sekela alinishika mkono. "Asante, da Yunis."

"Nimesema nilichokikuta," nikamjibu, nikautoa mkono wangu.

Baada ya hapo yeye alipelekwa ng'ambo kusoma, mimi nikahamishiwa Mpwapwa. Huko nilisimamia nyumba za watumishi chini ya Mhandisi wa Wilaya, mtu mkimya aliyependa kazi zangu. Zote nilizielekeza kaskazini na kusini, nikaziwekea baraza pana. Kila aliponisifu, nilijua anayesifiwa hasa ni nani.

Nilipokaribia kustaafu, nyumba za ghorofa lile la Sekela ziliuzwa kwa watumishi, nikanunua moja. Nimezeeka ndani yake. Sina kiyoyozi wala sikihitaji. Wakati jirani zetu wa majengo ya vioo wanalalamikia umeme wa luku unavyokwisha, mimi nimelala kitandani pazia likipepea, na bado namwonea Sekela wivu, kila mchana.

Wageni wakija mwezi wa kumi huketi sebuleni, wakafungua vifungo vya shati, wakauliza ni nani aliyechora nyumba yenye hewa nzuri hivi.

Mimi huwajibu kwamba ilichorwa na ofisi yetu.