Abiria wa Pazia la Treni

Kama unataka kucheka, cheka sasa, maana nikifika kwa Mwita hutacheka. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, sijaonja hata tone la gongo.

Nilikuwa kijana, mpiga picha wa kutembea. Machimbo ya dhahabu ya Tarime siku hizo hayakuwa na uzio. Palikuwa na maduara tu, yale mashimo marefu ya kuchimba kwa mkono, na watu kutoka kila kona. Kwetu Mara reli haifiki, kwa hiyo nilibeba pazia kubwa lililochorwa treni ya kijani, madirisha sita, yote matupu. Mchimbaji anasimama mbele yake, anapigwa picha, anaituma nyumbani waone amefika mbali. Pazia lile nililipenda kuliko nguo zangu.

Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa. Nimejibanza chini ya turubai, pazia limening'inia, nikasikia mtu anasema, "Nipige." Mwanamume, mweupe kwa vumbi la mawe kuanzia nywele hadi nyayo. Vumbi, niamini, kwenye mvua ile! Halikulowa hata chembe.

"Mwanga hautoshi, kaka."

"Piga tu, mura," akasema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Tunaondoka."

Nikaweka jicho kwenye kamera. Madirisha yalikuwa na watu. Watano, weupe kama yeye, wananitazama. Nikatoa jicho: pazia tupu. Nikarudisha: wapo. Wewe ungefanya nini? Mimi niliuliza upuuzi: "Na dirisha lililobaki ni la nani?"

"La Chacha. Anashuka sasa hivi."

Chacha ni kaka yangu, tumbo moja.

Nilikimbia nikianguka kwenye tope. Nikamkuta anajifunga kamba kiunoni. Maji yalishaanza kuingia duarani, naye na wenzake walitaka kuyawahi mawe yao ya dhahabu. Nikamkumbatia miguu.

"Leo hushuki, kaka. Nimeambiwa!"

"Na nani? Na kamera?"

Watu wakacheka. Mwita, mwenzake wa duara, alicheka kuliko wote. "Mura, mdogo wako anataka kunyonya. Mpe ziwa, mimi nashuka." Akachukua kamba.

Nilimwona akiichukua. Hapo ndipo panaponinyima usingizi. Nilimwona, nikanyamaza, nikazidi kukaza mikono kwenye miguu ya kaka yangu, moyo umetulia.

Duara liliporomoka, likajifunga, kabla hatujamaliza kugombana. Kamba tuliyoivuta ilikuja nyepesi.

Filamu iliyokuwa kwenye kamera sikuisafisha, niliitupa Mto Mara. Tangu hapo sikai mahali. Mugumu, Busawe, Sirari, popote nilipo, mawingu yakikusanyika nafunga mzigo. Nayakumbuka machimbo yale, vicheko vyake, hata harufu ya tope lake, lakini kurudi siwezi.

Chacha yuko hai, kijijini Kisaka, ana wajukuu. Kila akivuna, gunia la kwanza linakwenda kwa mama yake Mwita. Mara ya mwisho nilipobisha hodi kwake, kaka yangu alifungua mlango nusu.

"Mikono ulikuwa nayo miwili," akasema. "Mbona yote ulinishika mimi?"

Akafunga.

Basi nawe, siku ukionyeshwa nafasi ya mtu wako, usimwokoe peke yake na kushukuru. Piga kelele kwa wote, wakucheke wote, usinyamaze mpaka pale mdomoni pa shimo pasibaki hata mmoja.